Mvumo Ndani ya Mbao

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba lile goti limekuachia kidogo, angalau ufike dukani bila kupumzika kwenye kila kizingiti cha watu. Sisi huku tunapumua. Mimi ni mzima wa mwili. Mjukuu wako anakula, anakimbia, amemaliza kuvunja vikombe na sasa yuko kwenye sahani. Mume wangu naye yupo. Nisamehe mwandiko, naandika juu ya ubao wa kukatia vitunguu, kwa sababu meza, kama unavyoweza kudhani, imejaa waya.

Uliniuliza kupitia yule dereva kama spika zako bado zinaimba, na kama Chiriku ameanza kusema. Nilimwambia dereva kwamba nitakujibu mwenyewe kwa kalamu, maana jibu hilo si la kupitisha kwenye mdomo wa mtu. Nianze na spika, ndiyo njia iliyonifikisha kwenye hilo la pili.

Unakumbuka siku ulipotukabidhi, ulimwambia mume wangu kwamba hizi si kama za madukani. Sumaku yake si ya kudumu. Lazima koili ilishwe umeme ndipo iwe sumaku, na usipoilisha, amplifaya ipige kelele inavyotaka, spika itakutazama tu. Ukasema hizo ndizo zilizotusomesha na kutuvisha miaka yote uliyopiga santuri ukumbini. Mume wangu alikusikiliza mdomo wazi. Fundi redio anayeogopwa na mafundi wenzake, siku ile alikuwa kama mtoto anayeahidiwa baiskeli.

Ile paua yako, mtambo mdogo wa kulishia koili umeme, ilikuwa imefungwa kwa skrubu chini kabisa, ndani ya kasha la spika ya kushoto. Ukiiwasha tu, kabla hata ya muziki, inavuma. Wewe ulituambia huko ni kukoroma kwa mzee, tumzoee. Mimi nilimzoea. Na Chiriku alizaliwa akamkuta.

Tangu alipojua kutambaa, pale palikuwa pake. Anakwenda kwenye kasha la kushoto, analaza shavu na tumbo kwenye mbao, anatulia. Wewe mwenyewe uliliona hilo ulipokuja kututembelea. Alikuwa analia, ukamwegemeza pale, akanyamaza, ukacheka mpaka ukatoa kitambaa. Ukasema huyu ana masikio yako, akianza kusema hatutapata nafasi ya kutia neno, ukampa jina la Chiriku. Jina likamkaa. Nyumba nzima tukasubiri maneno.

Na tulivyokuwa tukimsifu, Baba! Mume wangu anajaribu amplifaya za wateja mpaka vioo vya dirisha vinalia, mtoto amelala fofofo. Tukasema amezoea, ni mtoto wa fundi. Jirani yetu, mwanamke mshona nguo wa chumba cha pili, aliniambia kwa wivu kwamba wa kwake akisikia kijiko kimeanguka anaamka na kudai haki yake, ila wa kwangu hata paa likishuka atageukia ubavu wa pili. Nilijisikia mama bora kuliko wote mtaani. Katika nyumba nyingine wangeshtuka mapema. Sisi tulioishi ndani ya kelele tuliona ni kipaji.

Sasa, mume wangu hakuuweza ule mvumo. Mwanzo alisema unamkera kidogo, baadaye ukawa haumpi usingizi. Alinieleza kwamba paua ya zamani inatoa umeme unaokuja kwa mawimbi, kama maji ya bomba linalokohoa, na koili inayameza mawimbi yote na kuyatapika ndani ya wimbo. Akaamua kuunda nyingine. Akanunua transfoma nzito, kapasita nene kama vikombe, na mabonge ya waya wa shaba ya kuutuliza umeme mpaka uje laini. Na kila alipotaka kupima aliweka kidole mdomoni kutaka kimya, na nyumba ikafa. Nazima jiko. Nafunga bomba. Jirani anasimamisha cherehani yake. Mimi nimesimama na mwiko hewani, yeye ameinama, sikio kwenye kitambaa cha spika, macho amefumba. Jirani aliniambia pole, mwenzangu, umeletewa mke mwenza, tena huyu kavaa mbao hadi miguuni. Tulicheka. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Siku paua mpya ilipokamilika aliifungia kwenye sanduku la chuma, akaiweka rafuni karibu na dirisha, mbali na makasha, akavuta waya mrefu mpaka kwenye koili. Ya kwako akaifungua, akaitupa kwenye boksi la vyuma. Akaweka ile santuri yako ya mwanamke na gitaa. Baba, sitakuficha, ilikuwa nzuri. Mvumo hakuna. Nilimsikia yule mama akivuta pumzi kabla ya kuimba, kama amekaa kwenye kochi letu. Mume wangu alifuta machozi kwa mkono wenye risasi ya kuchomelea.

Chiriku akaja kama kawaida yake. Akalaza shavu kwenye kasha. Akasubiri. Akaligonga kwa kiganja, akasikiliza kwa kiganja, akahamia upande mwingine wa mbao, kisha akaangua kilio kama aliyefiwa. Mume wangu akacheka, akasema unaona masikio hayo, amekosa koromo la babu yake. Lakini mimi nilikuwa natazama. Mwanamke alikuwa anaimba pale pale juu ya kichwa cha mwanangu, sauti safi kuliko zote zilizowahi kusikika nyumba hii, na mwanangu alikuwa anatafuta kitu ndani ya mbao. Nikachukua sufuria na mfuniko, nikaenda nyuma yake, nikavigonganisha kwa nguvu zangu zote. Mume wangu aliruka. Jirani aliita kuuliza kuna nini. Chiriku hakugeuka.

Alichokuwa anakipenda ni kutetemeka kwa transfoma yako, Baba. Hakuwahi kusikia wimbo hata mmoja.

Daktari wa masikio alimpima, akasema amezaliwa hivyo, na vile vifaa vya kuvaa havitamfaa kitu. Akaniambia nisimlilie mtoto ambaye hana anachokililia, bali nimpe lugha ya mikono mapema, kabla miaka ya kujifunza haijampita. Nilirudi nyumbani na maneno hayo nimeyabeba kama mayai. Mume wangu akayavunja mlangoni. Akasema mtoto wake hatarusha mikono kama mtu anayefukuza nzi. Akasema daktari amepima kwa vimashine vya plastiki. Akasema kinachotakiwa ni sauti yenye nguvu zaidi na safi zaidi.

Akarudi mezani kuunda paua nyingine. Wateja wakaanza kuhama na redio zao. Kila akiongeza kitu anamketisha Chiriku mbele ya kasha, anapandisha umeme, anapiga santuri, anamtazama usoni. Mtoto anamtabasamia, maana anapenda kutazamwa na baba yake. Basi anaongeza tena. Nilimwambia koili ile ni ya zamani kuliko sisi sote, itaungua. Akaniwekea kidole mdomoni. Siku hiyo kasha lilitoa harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi ukapita kwenye kitambaa, kisha kimya. Spika yako ya kushoto imekufa, Baba. Nilitaka ulisikie hilo kwangu. Na naomba unisamehe nikikwambia kwamba sikuililia.

Ninachokililia ni hiki. Mtu aliyeweza kusikia mvumo mwembamba kama uzi, ambao hata wewe mwenye mali uliusahau, hakusikia kwamba mwanawe hajawahi kumwita.

Sasa nikuambie ambalo hata mume wangu halijui. Kila nikiaga kwamba naenda kupima gauni kwa jirani, siendi kupima gauni. Jirani anaendesha cherehani kwa kelele ili ionekane nipo, nami natokea mlango wa nyuma na Chiriku mgongoni, twende kwa mwalimu wa watoto viziwi. Mimi niliyeachia shule njiani, Baba, nimerudi darasani, na safari hii naelewa! Mikono yangu inashika kuliko kichwa changu kilivyowahi kushika. Chiriku anajua maji, anajua tena, anajua mama. Aliposema mama, kwa mkono wake mdogo wenye unga wa biskuti, nilikaa chini pale pale sakafuni.

Mwalimu akaniuliza mtoto anamwitaje baba yake. Nikasema bado hatujamfundisha. Akasema tumuulize mwenyewe. Akamwonyesha picha ya mume wangu niliyokuwa nayo mkobani. Chiriku akaitazama, akafurahi, akainua kidole kimoja, akakiweka mdomoni.

Mwalimu alisema hiyo ni dalili njema sana, mtoto anayewatungia watu majina yuko tayari kwa lugha. Nami naamini hivyo. Lakini nilitembea njia nzima nimeuma midomo. Amemwona baba yake akiinama kwenye mbao na kuinua kidole, siku baada ya siku, akajua hilo ndilo jina lake. Jana alimwendea mezani, akasimama nyuma yake, akamwita. Kidole mdomoni. Akangoja. Akamvuta shati, akamwita tena. Mume wangu akageuka, akamwona, akasema mtoto huyu ana akili, anajua ninapima. Akarudi kwenye waya zake.

Sikumwambia. Nilitaka kumwambia, nikaona hilo likimwingia litamuua, na lisipomwingia litaniua mimi.

Shule kamili ya watoto viziwi iko huko kwako, karibu na ukumbi wako wa zamani, na mwalimu ameshatuandikia barua ya kupokelewa. Nakuomba kile chumba cha nyuma, tukae mimi na mtoto. Mume wangu nitamuaga mchana, uso kwa uso, na nitamfundisha jina lake kabla sijatoka. Akitaka kutufuata, mlango usimfungie. Naomba sana usimfungie. Ile paua yako ya zamani niliiokota kwenye boksi la vyuma, nimeifunga kwenye khanga, nakuja nayo. Utaifunga ndani ya mbao yoyote, haijalishi ipi.

Nisalimie shangazi, na wote wanaoniuliza. Ukituona tunakuja, usimwite Chiriku kutoka kibarazani kama ulivyozoea. Shuka ngazi, chuchumaa mbele yake, mikono iwe mitupu aione. Wewe bado hajakupa jina.

Ni mimi mwanao,
Mama Chiriku