Inoue, Aliyepaswa Kuwa Kiza

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nitaandika kila kitu, hata cha aibu. Nimeloweka sare, nimechambua maharage ya kesho, sasa nimekaa. Mwalimu Neema anakusanya majina ya usajili wa mtihani wa Kidato cha Pili. Jina tutakalompa ndilo litakalokaa kwenye cheti. Mwisho Jumatatu ijayo. Aliposoma "Inoue" darasa likacheka, kama kawaida. Jofrey akauliza, "We Mjapani, ukiharibika vipuri vyako tunavipata wapi?" Nimechoka.

Jumanne, 4 Machi
Bibi anataka niandikishwe Kiza. Kaka zangu ni mapacha, Bukuru na Butoyi, na kwetu Waha anayezaliwa baada ya mapacha ni Kiza. Hakuna cha kujadili. Bibi hajawahi kuniita Inoue hata siku moja.
"Mwana wanje, mwanangu, jina lako lilikusubiri kabla hujazaliwa. Baba yako akakupa la mpita njia."
Mpita njia ni Mjapani aliyekuwa akipima barabara Kibondo. Baba alimbebea vifaa. Siku Mama aliposhikwa na uchungu, yule bwana aliacha kazi akamkimbiza hospitali kwa gari lake. Ndiyo nikawa Inoue.
Sawa. Lakini maana yake nini? Kila mtu hapa jina lake linasema kitu. Langu limenyamaza. Siwezi kuchagua nisichokijua.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia Baba, yuko kazini Kibondo. Anasema ni "shujaa". Mwaka jana alisema ni "mwenye subira". Nimekata simu bila kuaga. Sijutii.
Najuta kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu Neema ametafuta kwenye kompyuta ya ofisini. "Juu ya kisima." Basi. Miaka yote hii nasubiri, napewa kisima.
Amenieleza kwamba zamani watu wengi wa kawaida kule Japani hawakuwa na jina rasmi la ukoo. Serikali ilipoagiza kila nyumba iwe nalo, wengi walichukua la mahali walipokaa: chini ya mlima, katikati ya mashamba, kisimani. Nilitaka kulia kwa hasira. Hata si sifa. Ni maelekezo ya njia.
Kisha akasema jambo jingine. Inoue si jina la mtu mmoja. Ni la nyumba nzima: baba, mke, watoto, wajukuu. Kwetu Baba ni Bigirimana, babu alikuwa na lake, na sisi kila mmoja ana lake. Kumbe yule bwana ana jina lake mwenyewe, nalo silo nililopewa.

Jumamosi, 8 Machi
Baba amefika. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika. Nikamweleza yote. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo ulimpa mtoto jina la ukoo mzima, na la mwenye gari mwenyewe hukulipata."
Baba hakucheka. "Alikula kwangu miaka miwili," alisema. "Nilimwita hivyo, akaitika."
Akatoka kwenda kuangalia migomba, ambayo haikuwa na shida yoyote. Hasira yangu imekosa pa kukaa.

Jumapili, 9 Machi
Mvua tangu tulipotoka kanisani. Kesho nitamwambia Mwalimu aandike Inoue. Bibi ataendelea kuniita Kiza, nami nitaitika. Baba anadhani shukrani yake haikumfikia mwenyewe. Sitaki abaki hivyo.
Dereva waliyefanya naye kazi ya barabara bado ana anwani ya barua pepe ya yule bwana. Mwalimu amekubali kutuma. Baba amekaa mlangoni, anajifanya hasikilizi ninavyosoma. Nimeandika hivi:
Shikamoo. Mimi ni yule mtoto uliyemkimbiza mama yake hospitali ya Kibondo. Baba yangu, Bigirimana, hajambo. Jina la nyumba yenu tunalo, tunalitunza. Tafadhali tujibu ukishaisoma hii: wewe mwenyewe, kwenu walikuita nani?