Kilomita Mia za Baba, Hamsini Zangu

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Samahani kwa kukuchukulia nafasi, najua wapo wenye shida kubwa kuliko yangu, lakini naomba msaada kwa sababu nimeshindwa kusema jambo hili kwa mdomo, na nikiendelea kunyamaza litaniharibia kitu ninachokipenda.

Mimi ni msichana, nimemaliza shule mwaka huu, nasubiri matokeo. Shida yangu inamhusu baba yangu wa kambo, alimwoa mama nikiwa kidato cha pili, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu mwema sana ila si mwongeaji, na mimi ndiyo kabisa, mtu akinisalimia ghafla nasahau kuitikia, mpaka mama alikuwa akisema, "Nyie wawili mkikaa sebuleni, hata saa ya ukutani naisikia nikiwa jikoni." Baada ya mitihani nikawa nashinda chumbani tu, basi baba akachukua fremu ya baiskeli iliyotupwa nyuma ya karakana, akaitafutia magurudumu, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mteja, akaisimamisha mlangoni na kuniambia, "Ijaribu." Neno moja tu, Shangazi, halafu akaenda kunawa.

Sitasahau wema ule. Nilianza kutoka asubuhi, napita barabara ya nyuma ya shule, nazunguka kiwanda cha matofali, narudi na mkate, na siku hizi nalala vizuri na muuza mkate namsalimia mimi kwanza. Nikajiwekea lengo la kilomita hamsini kwa wiki, baba akafurahi, akanifungia kimita cha kuhesabu kilomita kwenye usukani, na kila nikirudi anatoka na kikombe chake cha chai, anainama kukisoma kabla hata sijashuka, ananiuliza upepo ulikuwaje, kile kilima nilikipanda au nilishuka nikasukuma, mnyororo bado unalia, yaani tunaongea mpaka chai inapoa.

Sasa nilipozifikisha hamsini akasema twende sabini, nikasema ndiyo baba, akasema tufanye mia kwa wiki, nikasema ndiyo baba, na sasa amewatangazia wenzake kwamba kabla sijaanza chuo nitapiga kilomita mia kwa siku moja. Nikipita pale karakana wanagonga vyuma kwa nyundo, "Bingwa! Mia lini?" na yeye anainua ngao yake ya kuchomelea ili nimwone anavyotabasamu. Shangazi, mimi sitaki mia, napenda kwenda taratibu nikiangalia watu wanavyofungua maduka. Juzi asubuhi nilisikia mvua kwenye bati nikafurahi kwamba sitaendesha, kisha nikaiogopa furaha hiyo. Nikimwambia nataka kurudi kwenye hamsini zangu ataona sina shukrani, na tukiacha kuhesabu kilomita tutabaki na nini cha kuongea? Nifanyeje?

Bingwa Asiyetaka Mia

*

Marahaba, binti yangu. Kwanza acha kuomba samahani. Nafasi hii ni yako kama ilivyo ya wale wanaoniandikia kuhusu mawifi zao, na barua yako imenipumzisha na mawifi.

Sasa nikugombeze kidogo. Huyo baba atajuaje, kama kila anachosema wewe ni ndiyo baba? Umekubali sabini, umekubali mia, angekwambia uvuke mpaka wa nchi ungeuliza tu upande gani. Yeye anadhani anakupa unachokitaka. Na hilo la shukrani, nisikilize vizuri: alikuundia baiskeli ili utoke chumbani, na umetoka. Ukifika mahali pa kuichukia, hapo ndipo utakuwa umemlipa vibaya.

Unaogopa mtakosa la kusema. Hebu soma tena ulichoniandikia mwenyewe. Upepo, kilima, mnyororo: hayo ni maswali ya mtu anayetaka hesabu? Anasoma kimita kwa sababu hajui pengine pa kuanzia. Mmekutana wenye haya wawili, basi.

Rudi kwenye hamsini zako wiki hii hii. Chagua siku zako na usizibadilishe, utoke saa ile ile, mwili uzoee bila kubembelezwa, na mvua ikinyesha lala bila kujilaumu. Ukiona wiki inaisha na miguu bado inadai, ongeza kidogo. Ongeza kwa hamu yako, si kwa nyundo za karakana. Ukija kuzitamani mia utazifikia polepole, na usipozitamani hakuna atakayekudai.

Kuhusu kumwambia, usimkalishe sebuleni mtazamane, mtazimia wote wawili. Nenda karakana wenzake wakiwa wamekwenda kula, mshikie chuma anachokipiga msasa. Ukiwa umeshika kitu utaona maneno yanatoka. Mwambie, "Baba, ulinitoa chumbani, nakushukuru sana. Lakini mia ni zako, zangu ni hamsini." Usikimbie, endelea kushika chuma.

Kisha mwulize kwa nini haundi baiskeli ya pili, ya kwake, mwende wote. Nadhani hajakuomba kwa kuogopa kwamba msichana wa umri wako ataona aibu kuonekana naye. Akisema magoti yake hayawezi mbio, mwambie hata wewe mbio huzitaki.