Masika, Usiniulize Ni Kiasi Gani

Mpwa wangu Masika,

Anayekuandikia ni mtu ambaye mpaka wa Uganda na Kongo haufunguliwi asubuhi kabla hajakohoa. Uliza pale Mpondwe. Afande mwenye ufunguo anauliza kwanza, "Bwambale ameamka?" Wakimwambia bado, malori yanangoja. Mwaka ule nilipolala na malaria, hata samaki wa chumvi, ambaye haozi, alioza sokoni kwa kukosa dalali wa kumsemea.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukiongea sokoni, mimi na wewe, baada ya mama yako kukuleta kutoka Rukoki ukae kwangu Bwera usome. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne. Mwalimu aliona nimemzidi, akaniomba niondoke kwa heshima. Kwa hiyo ukikuta herufi imepinda, ujue ni kalamu.

Je, unaukumbuka mfuko wangu? Ule wa koti, upande wa kushoto, uliovimba. Ndani mlikuwa na bunda la noti za zaire, zile za zamani zenye mamilioni, pesa ambayo Kongo yenyewe ilikuwa imekwisha kuizika. Hazikununua hata kiberiti. Lakini mfuko ukivimba, watu wanakupisha njia. Wewe ulikuwa darasa la pili. Nikakupa lile bunda ulishike kwa mikono miwili, nikakuambia, "Shika, mama. Sasa wewe ni milionea."

Ukauliza, "Basi tununue mandazi?"

Hajati Zaituni, aliyekuwa akiuza vitenge meza ya jirani, akadakia: "Wewe Bwambale, hiyo mfuko iko na mimba ya miezi ngapi? Itazaa lini na sisi tukule?"

Soko zima likacheka. Mimi nikichekwa mbele za watu, damu inachemka. Nikaingiza mkono mfuko wa suruali, nikatoa pesa ya kweli, ile ya sabuni na mafuta ya taa ya nyumbani, nikanunua mandazi beseni zima. Nikagawia wabeba mizigo, nikagawia madereva, nikagawia hata yule kichaa wa darajani. Wakaniita bosi. Beseni lilipofika kwako lilikuwa na mafuta tu chini. Ukanitazama. Nikakuambia maneno niliyoyaona ya hekima sana: "Mtu mkubwa hashibi kwa mdomo. Anashiba kwa macho ya watu."

Ukaitikia, "Ndiyo, mjomba," ukapitisha kidole kwenye beseni, ukakilamba.

Nilidhani yale yamepita kama mvua ya jioni. Kumbe uliyashika.

Krismasi ya kwanza baada ya kupata kazi Kampala ulikuja umebeba mizigo kama unahamia. Bibi yako akapata blanketi, watoto wa jirani wakapata viatu, na ndugu ambao hata mimi sikuwajua wakapata bahasha. Nilisimama nyuma yako nimetoa kifua, kana kwamba mshahara ule nakulipa mimi. Siku ya kurudi nikakukuta nyuma ya jiko, unamwomba Hajati kwa sauti ya chini akukopeshe nauli. Nikajifanya natafuta kuku.

Mimi uliniletea simu. Ukanipeleka kwa Hajati, ambaye sasa vitenge alikuwa ameviweka pembeni, anatuma na kutoa pesa za simu. Ukanisajili, ukachagua namba ya siri, ukainama kwenye sikio langu ukaninong'oneza. Lori la ndizi likapita linapiga honi.

"Umeshika, mjomba?"

"Nimeshika! Kichwa hiki kinabeba bei za masoko ya nchi mbili, kitashindwa na tarakimu nne?"

Hajati akasema, "Haya, bosi. Sasa uko na benki kwa shingo." Kwa sababu nilikuwa nimeifunga simu kwa kamba, nikaivaa.

Ukaanza kutuma. Simu ikilia ile sauti yake ya ujumbe nilikuwa naiinua juu, sokoni wote waone. Nilikuambia nimeezeka nyumba upya, bati linang'aa mpaka ndege zinapotea njia. Nilikuambia nimenunua mbuzi, na mbuzi wamezaa pacha, na pacha wamezaa pacha. Ulicheka, Masika. Ulikuwa unacheka hivi, kwa kuvuta pumzi kwanza. Nikawa nakubipu mara kwa mara, nawe unapiga, nami naanza na shida ndogo, jino, au ada ya mtoto wa mtu, kwa sababu sikujua mlango mwingine wa kuingilia maongezi. Ningesema nini? Kwamba nyumba imenyamaza tangu uondoke? Mwanamume hasemi hivyo. Ananunua mandazi.

Halafu siku ile. Kahawa ya bibi yako kule Maliba ilikuwa imetoa maua mlima mzima, meupe, na harufu ilinifuata mpaka Bwera. Nikasema hii lazima Masika aisikie. Nikaweka salio la kupiga kwa pesa yangu mwenyewe, nikapiga, sikubipu. Ulishika. Kabla sijasema hata habari gani, ukauliza, "Mjomba, ni kiasi gani?"

Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningejitetea. Ilikuwa sauti ya karani dirishani, mtu wa mwisho kwenye foleni amefika.

Nikatafuta maua kwenye mdomo wangu, sikuyaona. Nikasema, "Chochote tu, mwanangu." Na ukatuma. Simu ikalia kifuani kwangu, sikuiinua juu.

Tangu siku ile hushiki. Nilikwenda Rukoki kwa mama yako, nikamkuta anachambua maharage. Nikamwuliza. Akajibu bila kuinua kichwa: "Kaka, Masika hashiki simu ya mtu. Alimwambia mdogo wake kwamba akiona jina letu kwa simu, tumbo linamkata. Chumba amekiacha, kodi imemshinda, anakaa kwa rafiki."

"Hata wewe hashiki?"

"Hata mimi niliyemzaa. Mshahara haulali hata siku moja kwake, anaugawa wote kama unamchoma mkono. Sijui nani alimfundisha hivyo."

Mimi ambaye mpaka hungoja kikohozi changu, nilikaa kwenye kigoda nikaanza kumsaidia kuchambua maharage.

Redioni kuna mtu husema tusiiogope pesa, tusijifiche nayo, tuiambie ikae nyumbani kama mgeni mwenye adabu. Anasema vizuri. Mimi najua pesa ya aina mbili tu, ya kuonyesha na ya kuficha, na zote mbili nilikufundisha wewe. Sikukufundisha neno dogo ambalo mama yako analisema hata kanisani sadaka ikipita: sina. Juzi nilijaribu kulisema peke yangu, mbele ya kioo cha kunyolea. Nikaanza, "Si..." ikatoka, "Si kitu, njoo kesho." Mzee mzima. Sasa nitakuonyeshaje njia nisiyoijua mimi mwenyewe? Nikipiga, tumbo linakukata. Nikinyamaza, utadhani nimekutupa kwa kuwa umekauka. Nageuka huku na huku kama mbuzi kwenye kamba fupi.

Kwa hiyo kula mshahara wako, Masika. Anza na lako kabla beseni halijazunguka. Ndugu wakikuuliza, sema mjomba amekataza, waje wagombane na mimi. Hilo la kugombana naliweza.

Na usitume tena kwangu. Ile pesa ipo, yote, tangu siku ya kwanza. Mbuzi hakuna. Bati ni lile lile, mvua ikinyesha nalala na sufuria kifuani. Hajati akiniuliza mbona sitoi, namwambia mtu mkubwa haangalii salio, salio ndilo linalomwangalia yeye. Ukweli ni ule wa lori la ndizi. Nilibahatisha mwaka wako wa kuzaliwa, nikabahatisha na wangu, simu ikanionya kwamba nikikosea tena akaunti itajifunga, na ofisini kwao lazima useme shida yako mbele ya foleni nzima.

Tukiifungua, irudi kwako, ulipe chumba. Ila nisaidie. Usiiandike, usimpe mtu. Siku tumbo likikuacha, nipigie uniambie polepole, mahali pasipo na malori.

Namba ya siri, mwanangu, sikuisikia.

Ni mimi mjomba wako wa Bwera,
Bwambale