Mwalimu Mwenye Plasta kwenye Kinanda

Mpendwa dada Kerubo,

Kwa simu siwezi kukuambia haya. Mwanao Bosibori hubandika sikio hapo hapo, na mimi unanijua, nikiulizwa swali la pili nanyamaza. Acha niandike.

Uliniagiza nimtafutie mtoto mwalimu wa piano. "Mwenye piano ya mbao," ulisema, "si hivi vinanda vyetu vya kanisa." Nilimpata huko Kiogoro. Mama mmoja mtaratibu, vyeti ukutani, piano imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alimwekea Bosibori sarafu mgongoni mwa mkono, akamwambia achezeshe vidole juu ya meza bila kuiangusha. Ikaanguka. Akairudisha. Ikaanguka tena. Tulipotoka mtoto akaniuliza polepole, "Mama mdogo, nimekosa?" Na piano yenyewe alikuwa hajaigusa. Dada, sauti ile naijua. Ni yangu.

Wa pili yuko Magwagwa. Mwalimu Ogeto huuza mbegu na mbolea, na Jumapili hufundisha watoto chumba cha nyuma. Kinanda chake ni cha kawaida tu, kama chetu. Nilitaka kugeukia mlangoni, ila nikaona plasta, ile ya kidonda, imebandikwa juu ya kitufe kimoja.

Bosibori akacheka. "Kinanda kimeumia?"

"Mimi ndiye niliyeumia," mwalimu akasema. "Hapo ni transpozi, kitufe cha kuhamisha sauti. Nikiiona tu, kidole kinaenda chenyewe."

Hapa sasa niungame. Unakumbuka zile Sabato jioni, kanisa tupu, tumebanana kwenye kiti kimoja, mkono wako juu ya wangu? "Bonyeza, Moraa, hakiumi." Tulifika Do moja tu, yaani mahali pamoja pa kuanzia wimbo, safari yako ya Doha ikaingia. Ukaniambia, "Shika kinanda, kanisa lisinyamaze." Nilishika. Lakini vidole vyangu vinajua Do ile ile moja. Wimbo ukianzwa juu, ukianzwa chini, nabonyeza transpozi, sauti inahama yenyewe, mimi nabaki palepale. Miaka miwili. Wamama hunishika mkono, "Kerubo alituachia mtu!" Nami natabasamu kama mwizi.

Na kanisani Bosibori huwa anakaa karibu nami. "Hata mama mdogo hukibonyeza!" akamwambia mwalimu. "Kila wimbo!"

Nilianza kusoma maandishi ya gunia la mbolea.

"Wacha!" mwalimu akaniambia. "Umebonyeza miaka mingapi?"

"Miwili."

"Bado mchanga. Mimi tisa. Siku moja harusini nikapewa kinanda cha wenyewe kisicho na kitufe hicho, nikakitafuta wapi! Bibi harusi alisimama mlangoni mpaka mamake akaanza kuimba."

Tulicheka, hata mimi. Kisha akamwambia Bosibori aimbe wimbo wowote. Mtoto akaanza juu kabisa, unamjua. Mwalimu akatafuta sauti yake kwa kidole kimoja. Akakosa. "Si hapo." Akakosa tena. Mara ya tatu Bosibori akapiga kelele, "Hapo! Hapo!" Akapanda kitini mwenyewe, akabonyeza palepale.

Mwanao alimsahihisha mwalimu, dada, na hakuna aliyeumia. Ndiyo maana nimemchagua huyo. Najua uliota piano ya mbao. Ukitaka kunigombeza nigombeze, lakini kwanza mwambie Bosibori akuimbie, halafu umuulize Do iko wapi. Mbao atazikuta mbele.

Mwalimu alisema viti ni viwili, hakuna haja nisimame. Kwa hivyo sisimami.

Sabato iliyopita nilibeba plasta kanisani, nikaibandika pale unapojua. Mzee wa kanisa akaanza wimbo juu, juu kabisa. Nikatafuta. Nikakosa. Watu wakaendelea bila mimi, masikio yanawaka, Bosibori ananitazama tu. Ubeti wa kwanza ulinipita wote.

Wa pili nilikuwa ndani.

Mdogo wako, na siku hizi mwanafunzi mwenzake Bosibori,
Moraa