Nilijibu kwa Jina Lako

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu. U hali gani? Unalala? Unakula? Shuleni tunafundishwa kuanza barua kwa kuulizia afya, na siku zote nimeandika mistari hiyo bila kufikiri. Leo nauliza kwa kumaanisha, na ukisoma mbele utaona kwa nini.

Sisi hapa ni wazima. Kikohozi cha Mama kimeisha. Bibi bado anagombana na watangazaji wa redio kana kwamba wanamsikia, na juzi alimwambia mmoja anyamaze kwanza ameze mate. Mimi nimepewa ufunguo wa maktaba ya shule. Usije ukadhani ni jumba, ni makabati mawili na meza yenye mguu mbovu, lakini rafu ya juu nimeshaimaliza.

Ningeweza kuendelea hivi hadi karatasi iishe, na ndivyo ninavyotamani.

Dada, Baba anajua kwamba umeahirisha mwaka wa masomo. Anajua pia kwamba unaonana na mshauri nasaha. Amejulia kwangu. Nitakueleza ilivyokuwa, si ili unihurumie, bali kwa sababu mambo yaliyosemwa ni yako na una haki ya kujua yalitokaje.

Jumanne Bwana Swali alikuja saluni kwa Baba kunyolewa. Unamkumbuka, yule kondakta mstaafu asiyeweza kukaa kwenye kiti bila kumhoji mtu. Nilikuwa nafagia nywele. Shuka imemzunguka shingoni, akaanza:

"Baba Daktari, huyo daktari wako yuko mwaka wa ngapi sasa? Maana mgongo wangu unamsubiri yeye."

"Wa tatu," Baba akasema. "Na anafanya vizuri sana."

"Matokeo umeyaona?"

"Yataniambia nini zaidi? Mtoto wangu namjua."

"Hujayaona." Akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Jamani, hajayaona! Anatunyoa kwa sifa za kusikia."

Wakacheka. Baba naye akacheka, lakini mashine ilisimama juu ya kisogo cha Bwana Swali muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Unajua jinsi mtaa mzima unavyomwita Baba Daktari. Hata watoto wadogo hawajui kwamba ana jina jingine. Nadhani yeye mwenyewe ameanza kulisahau.

Akapiga simu ofisi ya usajili ya chuo chako palepale, mbele ya wateja, akaweka spika ili wote wasikie. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Mzee wangu, kumbukumbu za masomo ni za mwanafunzi mwenyewe," akamwambia. "Huyo ni mtu mzima. Akitia sahihi ya kukubali, nitakusomea mstari kwa mstari. Bila sahihi yake siwezi kukuambia chochote."

"Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Hongera sana, mzee. Lakini kuzaa hakumo kwenye utaratibu wetu."

Benchi zima lilivunjika mbavu. Bwana Swali alicheka mpaka akakohoa. Baba akakata simu, akamaliza kunyoa, na alipotoka mteja wa mwisho akafunga mlango na kuniambia nikae.

"Wewe na dada yako mna sauti moja," akasema. "Baba yenu mdogo mwenyewe aliwahi kuongea nawe kwa simu nusu saa akidhani ni yeye."

Nikajua anachotaka kabla hajamaliza.

"Si uongo," akasema. "Utajibu tu utakachoulizwa."

Dada, sitasema sikujua. Kile kijitabu cha wanafunzi wapya ulichoniachia nilikisoma chote, hata kurasa ambazo nadhani hazijawahi kusomwa na mtu. Imeandikwa humo wazi kwamba ofisi haitatoa taarifa za mwanafunzi kwa mzazi, ndugu wala mtu mwingine bila ridhaa yake ya maandishi. Nakumbuka nilipousoma ukurasa ule nilifikiri jinsi itakavyokuwa vizuri kuwa mtu mzima kiasi hicho. Nilijua yote hayo, na bado nikashika simu, kwa sababu Baba alikuwa amesimama pale na mimi sijawahi kumwambia Baba hapana. Ndivyo ilivyokuwa. Sisemi ni sababu ya kutosha.

Yule mama akauliza namba ya usajili. Nikaisoma ukutani, kwenye barua yako ya kukubaliwa ambayo Baba aliitia fremu akaitundika juu ya kioo. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, nikajibu. Akauliza shule ya msingi, nikajibu. Kisha akasema, "Na neno la siri ulilotuachia?"

Baba akanitazama. Hapo ndipo mambo yangeweza kuisha. Baba hakulijua neno hilo hata kidogo, na ningesema nimelisahau yule mama angekata simu. Lakini nilifikiri kidogo tu, nikasema, "Kapanya."

"Sawasawa," akasema.

Ulichagua jina unaloniita mimi. Kati ya maneno yote duniani ulichagua hilo. Na mimi, kwa sekunde chache, nilifurahi. Nilifurahi kama nimepata alama zote kwenye mtihani. Nataka ulijue hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Basi sauti ya yule mama ikabadilika, akawa kama anaongea na mtoto wake. "Pole sana, binti yangu. Ombi lako la kuahirisha mwaka limekubaliwa. Na ile taarifa ya mshauri nasaha tumeipokea, imefungiwa. Usiwe na wasiwasi, hakuna atakayeiona. Hata wazazi wako hawataoneshwa bila sahihi yako. Wewe pumzika, upone, nafasi yako ipo."

Spika ilikuwa wazi. Baba alikuwa amesimama mkono wangu wa kushoto na shuka ya kunyolea begani.

Nikasema, "Asante, mama." Kwa sauti yako.

Baba alifungua tena saluni kama kawaida, akamnyoa mtu upande mmoja mfupi kuliko mwingine, ikabidi ampunguze hadi upara. Usiku akamwambia Mama. Mama alilia, halafu akakasirika, na sikuelewa vizuri anamkasirikia nani. "Mwanangu anaumwa," akasema, "na anayempa pole ni karani!" Baba akasema umemdanganya, kwamba wiki iliyopita tu ulimwandikia uko maabara. Asubuhi alipomweleza Baba Mdogo, huyo akasema dawa ni kuipata ile taarifa ya mshauri nasaha, wajue unasumbuliwa na nini. Walikuwa wanaongea sebuleni kwa sauti kubwa, mlango wazi, na jirani alikuwa uani anaanika nguo.

Hivyo Alhamisi Baba akanipa simu tena, mezani, Mama amekaa, Baba Mdogo amekaa. Nilipaswa kujifanya wewe na kuomba nisomewe taarifa ya mshauri.

"Ofisi ya usajili, karibu. Nani mwenzangu?"

Nikasema, "Mimi ni mdogo wake." Nikataja jina lako. "Na juzi pia nilikuwa mimi. Haikuwa yeye."

Akauliza taratibu, "Maswali yote yale?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa peke yako?"

"Hapana. Baba alikuwa anasikia."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Binti," akasema, "mimi nilikuwa naongea na mgonjwa. Nilimpa pole." Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akasema itabidi amwambie mkubwa wake, na kwamba atakuandikia siku hiyohiyo akueleze kosa la ofisi. "Na wewe mwandikie," akaniambia. "Asilisikie jambo hili kwangu tu."

Baba akakata simu. "Umenivua nguo mbele ya mtu baki," akasema, akatoka. Baba Mdogo akasema nimeharibiwa na vitabu. Mama alinyanyua vikombe akaenda kuviosha ingawa hakuna aliyekuwa amekunywa.

Mambo mawili uyajue. Yule mama alisema faili lako sasa limefungwa na hutajibiwa tena kwa simu, mpaka ufike mwenyewe na kitambulisho uchague neno jipya. Tafadhali usichague neno ninaloweza kulijua. Pili, kijitabu kinasema mwanafunzi ambaye taarifa zake zimetolewa kinyume cha taratibu anaweza kulalamika kwa mkuu wa usajili. Ukitaka kulalamika, lalamika, na unitaje bila kunihurumia. Ila useme kwamba karani yule alidanganywa na mtu mwenye sauti yako, aliyejua mambo yanayojulikana na wewe na mimi tu.

Baba alisema atapanda basi aje huko. Hajasema lini. Akifika ofisini hawatampa chochote, hilo nina hakika. Kuonana naye au kutoonana naye ni shauri lako.

Mimi sikuulizi unaumwa nini, wala kwa nini hukutuambia. Nimeshajua mengi kuliko nilivyostahili. Siku ukitaka kunieleza, nitasikiliza, na usipotaka nitabaki mdogo wako vilevile.

Barua hii nampa fundi cherehani wa jirani, anakuja huko kesho kununua vitambaa. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Nilikuwa naandika mistari hii Baba akaingia. Tangu Alhamisi hatujaongea zaidi ya salamu. Akasimama nyuma ya kiti changu, nikaweka mkono juu ya karatasi.

"Unamwandikia dada yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Naweza kuisoma?"

Sikumbuki siku nyingine ambayo Baba aliwahi kuomba kusoma kitu. Huwa anachukua.

"Hapana, Baba," nikasema. "Ni yake."

Akabaki amesimama. Nilisubiri kelele, hazikuja. Akafuta miwani yake kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Basi mwambie namsalimia," akasema. "Andika hivyo tu. Usiongeze."

Baba anakusalimia.

Mama pia anakusalimia sana, na anasema ule kabla ya saa mbili. Bibi anakusalimia, yeye hajaambiwa lolote ila anakuombea kila siku kwa sauti ya juu kuliko redio. Baba Mdogo sikumwuliza. Nisalimie mwenzako wa chumbani, kama bado anaweza kupokea salamu zangu.

Mungu akupe usingizi mzuri na watu wa kukaa nao kimya. Akurudishie nguvu zako polepole, bila mtu kukuharakisha.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea haya.