Hatua Mbili Nyuma ya Malkia

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani,
Juu ya duka la fundi viatu.
Jumanne, baada ya chai.

Mpendwa mwanangu Bi Sitaki,

Hujambo mama? Mgongo haujambo? Nimeanza na mgongo kwa sababu ndio umejaa kwenye barua zako zote kwa mama yako, mara umenunua mkanda, mara umebadilisha godoro, mara umepata daktari mpya. Na huyo mchumba wako mzima? Na wakwe watarajiwa? Mimi shangazi yako nipo. Macho yanaona mbali kuliko karibu, na magoti yananung'unika ngazini maana lifti ya hapa inafanya kazi siku ikijisikia. Lakini mdomo, kama unavyoujua, haujaugua hata siku moja.

Usishangae mwandiko. Anayeniandikia ni Sista, nesi mstaafu wa ghorofa ya pili, maana mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asichuje. Anasema karatasi zitaisha. Ziishe. Na kuhusu mambo ya ndani usiogope, mtu aliyekaa wodini miaka thelathini ameona mengi na kayanyamazia yote.

Haya. Barua yako ya harusi ilifika wiki iliyopita. Mama yako aliisoma kasimama, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena, halafu akaificha kwenye kopo la biskuti. Nikajua hapa pana neno. Sasa, mama yako awe Malkia au asiwe, kwangu ni wifi, na wifi ukimbana vizuri anasema. Nikambana. Akaniambia umeandika kwamba mjomba wako ndiye atakayekushika mkono kukuingiza ukumbini, na baba yako afadhali asije, na kama ni lazima aje basi aseme ni mstaafu wa serikali, asitaje viatu, kwa sababu wakwe ni watu wakubwa.

Mwanangu, sikukasirika. Nimedanganya, nilikasirika, Sista futa hapo. Anasema hafuti.

Baba yako hajui. Suti yake ameipiga pasi mara tatu, imeanza kung'aa magotini. Kila siku mtu wa posta akipita, anachungulia nje ya duka, "Ya binti yangu haijaja?" Mama yako anageuka kutazama soli ukutani. Naye ameapa, mumewe asipokwenda na yeye haendi. Zimebaki wiki tano. Ndiyo maana nimeshika kalamu, yaani Sista kaishika.

Nianzie mbali kidogo, vumilia. Hospitali kuu mimi nilikuwa mfuaji wa mashuka, hilo unalijua. Mdogo wangu, baba yako, nilimwombea kazi karakana ya nyuma, kule wanakotengeneza miguu ya bandia na viatu vya watu wenye shida ya miguu. Chumba kina harufu ya gundi mpaka unasikia utamu kooni. La mguu wa mama yako ulilijua ukubwani, lakini lilivyoanza hakuna aliyekusimulia, maana wao wanaona haya na mimi nilikatazwa.

Siku hiyo nimepeleka chakula chake, mashuka begani, akaingia mwanamke kajitanda mtandio hadi puani. Nyuma yake mwanaume mpana kama kabati. Baba yako hata kichwa hakuinua.

"Mguu upi, mama?"

"Wa kushoto."

"Vua viatu vyote viwili. Mguu haukai peke yake."

Yule kabati akafoka, "We fundi, unajua unaongea na nani?"

Baba yako akasema, "Naongea na mguu wa kushoto, na bado haujanijibu."

Halafu akakishika kile kiatu, kisigino kirefu kama msumari, akakigeuzageuza. "Aliyekushonea hiki mna ugomvi naye?" Mwanamke akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Nikaiona ile sura. Ilikuwa ukutani pale pale, juu ya kabati la dawa, kwenye picha pamoja na baba yake Mfalme. Mimi nilikaa chini juu ya mashuka yangu. Baba yako aliendelea kupima.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, si sana, upana wa kidole gumba. Akamshonea kiatu chenye soli nene ya ndani, imejificha humo humo, nje huioni. Alipokivaa akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akasimama dirishani muda mrefu ametugeuzia mgongo. Mwezi ule alirudi mara nne. Nikamwambia mdogo wangu, kiatu hakiharibiki mara nne kwa mwezi, funguka macho.

Sasa usisahau kwamba wazee wa baraza walikuwa na neno lao, anayekalia kile kiti awe mzima toka utosini hadi ukucha. Mfalme alipofariki na mama yako akakalia kiti, wangejua habari ya mguu wangemtoa kabla kiti hakijapata joto. Na fundi wa siri lazima akae ndani ya nyumba, kwa hiyo baba yako aliolewa. Ndiyo, nasema aliolewa, tulikuwa tukimtania hivyo na alikuwa anacheka. Siku ya harusi mimi niliwekwa kwenye kiti chenye mikono ya dhahabu, hakina mto, mguu ukafa ganzi, wimbo wa taifa ulipopigwa nikasimama na mmoja. Lakini hayo tuyaache.

Mzee wa itifaki akamfundisha kutembea nyuma ya mkewe. Hatua mbili, si moja, si tatu. Magazeti yakamchora na kamba shingoni. Mitaani wakamwita Hatua Mbili. Wakasema mwanaume suruali, kazi yake kupunga mkono na kula. Wakasema ana maringo, hata glavu nyeupe hazivui akikusalimia. Wewe mwenyewe ulirudi shuleni unalia, wenzako wamekuimbia wimbo wa Hatua Mbili.

Glavu zile, mwanangu, ni kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa rangi na gundi. Nyuma ya chumba cha kufulia cha ikulu, nilikohamia nami, palipokuwa na mlango uliosemwa ni wa stoo ya sabuni, ndipo alipokuwa anashona. Kila kiatu alichovaa mama yako miaka kumi na saba, cha sherehe, cha gwaride, hata ndala za kuogea, kilitoka kwenye stoo ile. Mimi nilikaa mlangoni napiga pasi kwa kishindo ili watu wasisikie nyundo. Mume wa Malkia, kaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, misumari mdomoni. Ukisikia mtu anasema baba yako alikula bure ikulu, mwambie aje kwangu.

Halafu ikaja ile siku redio ilipopiga muziki mtupu tangu alfajiri. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mjomba wako alikwishaondoka na ndege ya kwanza, yeye na mbwa wake wawili. Sisemi kitu. Baba yako aliingia stoo akatoka na sanduku la mbao, zito, hataki mtu amsaidie. Uwanja wa ndege wanajeshi wakamzunguka, mkubwa wao macho yamemtoka, anajua hapa ndipo vilipo vito vya Malkia.

"Fungua."

Akafungua. Mna nini? Miguu ya mbao. Ile aliyochonga kwa vipimo vyetu, ya kushonea viatu. Jozi ya mama yako, jozi yako, na jozi yangu, hata mimi hakunisahau. Askari akachukua mmoja, akaugonga, akautikisa karibu na sikio.

"Ndiyo hazina hii?"

"Ndiyo yote," baba yako akasema.

Wakacheka, wakatuachia. Ule mguu wako wa kushoto aliupakata ndege nzima, akisema sandukuni utapasuka.

Hapa tulipofika unapajua. Vyumba viwili, jiko la kugeukia upande mmoja. Wiki ya kwanza mama yako alikaa kitandani anatazama ukuta. Baba yako akashuka chini akaomba lile duka, wiki ya pili kibao kiko juu. Sasa hivi Malkia anakaa kwenye kiti kirefu, anaandika namba za viatu na kugombana na watu wasiochukua vyao. Utaipenda sauti yake. Ile ile aliyokuwa anahutubia nayo bunge, sasa anahutubia mtu aliyeacha ndala miezi minne. Mteja mmoja alimuuliza baba yako, "Eti mzee, wewe ulikuwa mfalme?" Akamjibu, "Mfalme nani? Mke wangu ndiye aliyekuwa na kazi kubwa. Mimi nilikuwa fundi na bado fundi. Hii soli niibadilishe au niishone?"

Jioni wakitoka kununua mkate, mama yako mbele, yeye nyuma. Hatua mbili! Nikamwambia, we mdogo wangu, itifaki imebaki kule, tembea na mkeo kama watu. Akanitazama kama nimesema upuuzi. "Dada, nikitembea sambamba naye, kisigino nitakionaje?"

Ndiyo hivyo, mwanangu. Miaka yote ile, magazeti, kamba shingoni, nyimbo za shuleni, yeye alikuwa anaangalia soli inavyotua, ajue wiki ijayo aongeze wapi na apunguze wapi. Mzee wa itifaki alidhani amemfundisha. Hakujua kwamba hata angeambiwa atembee mbele angekataa.

Sasa nakuja penye uchungu. Miaka tisa iliyopita ulikuja kutoka kwa mjomba wako ulikokuwa unasoma, ukamkuta kavaa aproni, mteja kamrushia kiatu mezani na kumwita "fundi, harakisha". Ukasema baba ametuvua nguo barabarani. Ukaondoka jioni ile ile, na lile boksi la viatu alivyokushonea ukaliacha kwenye ngazi. Nilikutana nalo. Sikumwambia, ila alilikuta mwenyewe chini ya kitanda changu. Alilifuta vumbi, akalirudisha.

Mgongo wako ulianza lini kuuma, Bi Sitaki? Hesabu.

Nilimwapia baba yako kwamba sitasema, leo natangua kiapo, Mungu atanielewa. Na wewe umeurithi ule mguu. Kushoto, upana wa kidole kidogo tu. Aliuona ulipoanza kusimama dede, akamwambia mama yako na mimi, basi. Akasema, "Asijue. Akijua atachechemea moyoni hata kabla ya miguuni." Unakumbuka hukuruhusiwa kutembea peku? Ulidhani ni ufalme. Unakumbuka ulivyomlilia mama yako ununuliwe raba kama za wenzako, na zikaja raba kama za wenzako? Alizinunua, akazifumua usiku kucha, akaweka soli yake ndani, akazishona upya uzi kwa uzi. Mpaka ulipoondoka jioni ile hukuwahi kuvaa kiatu ambacho mkono wake haujapita.

Sista ameweka kalamu chini ananitazama. Anasema nikwambie kama nesi kwamba inawezekana kabisa, wanakuangalia mgongo, hakuna anayekuangalia miguu. Anasema usimame peku mbele ya kioo utazame mabega. Mimi nasema rahisi zaidi, toa viatu vyako vyote vya dukani, vilaze chali, tazama soli. Kama zimelika sawa kulia na kushoto, basi mimi ni mzee mwongo, usije hata mazishini kwangu.

Pamoja na barua hii kuna furushi. Ni viatu vya harusi, vyeupe. Amevishona kwa ile miguu ya mbao, akikisia umepanuka kidogo maana mtu mzima hupanuka. Kisigino si kirefu, usinune. Yeye anadhani nimekutumia mashuka ya zawadi tu, na viatu vimo kati ili visikunjike, habari ya barua hii hana. Vivae, tembea mlangoni hadi dirishani. Halafu usiniambie mimi, uulize mgongo wako.

Mama yako anakusalimu, hajui kama nimeandika, atajua akikuta kopo la biskuti limesogezwa. Sista anakusalimu na anaomba picha ya keki. Nisalimie mchumba wako, mwambie anaoa mwenye kichwa kigumu. Nisalimie mjomba wako na mbwa wake. Mungu akunyooshee njia, akupe nyumba yenye kicheko, na mwili usiokuuma asubuhi.

Na la mwisho. Nilimuuliza baba yako juzi, bila kumwambia kitu, ukumbini angependa akae wapi. Nilidhani atasema mbele, au atasema akushike mkono, kama kila baba. Akafikiri, misumari mdomoni, akaitoa mmoja mmoja. Akasema mkono akushike yeyote unayemtaka, yeye hana neno. Anaomba tu apewe nafasi nyuma yako, hatua mbili.

Mimi niliyekubeba mgongoni,
Shangazi yako.

Hilo dole hapo chini ni langu. Weusi wake ni rangi ya viatu, nimelichovya dukani kwa baba yako, maana wino Sista ameumaliza.