Mkono wa Baba Kwenye Fremu

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka! Usicheke, tunalingana umri, lakini mama yako ni mtoto wa kaka yangu mkubwa, kwa hiyo mimi ni bibi yako. Huku Kasoli pamba imepasuka, wote wazima.

Unauliza kama ukathaminishe ile picha uliyoachiwa, yenye saini ya msanii. Baba alipopeleka yake kwa mthamini wa picha Mwanza, ile ya ng'ombe, alikwenda na dalali wa mnada wa ng'ombe.

"Cheki nundu hiyo, bosi!" dalali akanadi.

"Nathamini karatasi, mzee, siyo ng'ombe," mthamini akamjibu.

Bei ikatajwa, ada yangu yote ya shule ilikuwa humo. Lakini kwetu ng'ombe huhesabiwa ameuzwa pale mwenyewe anapoachia kamba, na baba hakuiachia fremu. "Turudi," akasema.

Mpaka leo sijatulia: picha ilipobaki, nilifurahi au niliumia? Nenda ukathaminishe. Bei ikitajwa, angalia mkono wako.

Bibi yako mwenye aibu ya kuitwa bibi,
Milembe